Niliyojifunza nikimwandikia barua ya tuzo mkemia chipukizi wa nyuklia

Mwaka jana niliombwa kuandika barua ya kumpendekeza mkemia mmoja chipukizi kwenye tuzo ya utafiti. Fani yake ni kemia ya nyuklia, isotopu za tiba, yaani atomu zenye mionzi tunazotumia kutibu na kupiga picha, na mimi niko upande wa dawa za mionzi muda mrefu tu kwa hiyo barua za namna hii nimeandika nyingi. Hii ya safari hii nilikaa nayo. Nilijiuliza, hivi tunapompa tuzo kijana wa fani hii tunampa kwa kitu gani hasa? Maana yale maneno tuliyozoea, "ana bidii", "ana ari", "ana uwezo wa hali ya juu", ukitoa jina lake ukaweka la mtu mwingine barua inabaki vilevile, haimsemi mtu yeyote.

Jina lake sitalitaja hapa, hajaniambia nilitaje. Nitamwita Dokta, na kweli ni dokta, PhD yake bado mbichi.

Kwanza mjue hii kazi ilivyofichika. Mgonjwa akija kupigwa picha ya mifupa anaonana na daktari, anaonana na muuguzi, anaona ile kamera kubwa, anachomwa sindano ya kimiminika kisicho na rangi wala harufu afu anaambiwa asubiri. Ndani ya ile sindano kuna teknesiamu-99m, na imetolewa asubuhi hiyohiyo kwenye jenereta, kile kichombo cha madini ya risasi ambacho ndani yake molibdenamu-99 inageuka kidogokidogo kuwa teknesiamu. Nusu-maisha ya molibdenamu ni masaa 66, ya teknesiamu ni masaa 6. Yaani ukiitoa saa mbili asubuhi, saa nane mchana imebaki nusu, saa mbili usiku imebaki robo. Huwezi kuiweka stoo, huwezi kujiwekea akiba ya mwezi. Kwa hiyo kila siku ya kazi kuna mtu ameamka mapema kuliko wote, ameitoa, amepima kama molibdenamu imepenya, amepima alumini iliyotoka kwenye jenereta, ameangalia usafi wa dawa yenyewe, akasaini, na hapo ndo jina lake linapoishia, kwenye ile karatasi.

Na hata historia ya hiyo jenereta ni historia ya watu waliokuwa wanahangaika na uchafu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, maabara ya Brookhaven huko Marekani, Walter Tucker na Margaret Greene walikuwa wanasafisha kitu kingine kabisa, jenereta ya teluri-132 inayotoa iodini-132, wakaona kuna uchafu wa mionzi usioisha wakaufuatilia, wakakuta ni teknesiamu-99m inayotokana na molibdenamu iliyojificha kwenye teluri kwa sababu kikemia zinafuatana. Wangeweza kuutupa wakaendelea na yao. Baadae mwenzao Powell Richards akawa anapita anawaambia watu kuwa hiki kitu kinafaa kwa tiba, na leo ndo isotopu inayotumika zaidi ya zote kwenye picha za nyuklia duniani. Napenda sana hiki kisa, na nitawaambia kwanini nilikirudia nikiwa naandika barua.

Mwaka 2009 na 2010 vinu viwili vikubwa vya nyuklia vilivyokuwa vinazalisha molibdenamu, kimoja Kanada kingine Uholanzi, vilisimama kwa matengenezo marefu na kuna kipindi vilikuwa vimesimama vyote kwa pamoja. Sisi tuliokuwa kwenye kazi tunakumbuka. Unampigia mgonjwa simu unamwambia picha yako ya moyo imeahirishwa, anauliza mpaka lini, na wewe unaangalia ratiba ya usafirishaji ambayo haina kitu. Tangu kipindi kile nikiona kijana anachagua kemia ya nyuklia moyo wangu unamwendea, maana wako wachache, na mafunzo yake ni marefu, na mtu mwenye kichwa cha namna hiyo angeweza kabisa kwenda kufanya kitu kingine chenye makaratasi machache ya usalama.

Sasa Dokta kazi yake ni aktiniamu-225.

Hii ni isotopu inayotoa chembe za alfa. Tofauti na lutesiamu-177 ambayo inatoa beta na beta yake inaweza kutembea mpaka milimita 2 hivi kwenye nyama ya mwili, alfa inaishia ndani ya upana wa seli chache tu, lakini hapo inapopita inavunja DNA vibaya sana. Ukifanikiwa kuifunga kwenye molekuli inayoijua seli ya kansa, umepeleka kipigo kikubwa mahali padogo. Aktiniamu-225 ina nusu-maisha ya siku 10 kasoro kidogo na mpaka ifike mwisho wa safari yake inatoa alfa nne, ndo maana kila mtu anaitaka. Na ipo kidogo mno. Kwa miaka mingi dunia nzima ilikuwa inategemea thoriamu-229 iliyotokana na urani-233 ya zamani, iliyokuwa sehemu tatu tu, Oak Ridge Marekani, Karlsruhe Ujerumani na Obninsk Urusi. Sasa watu wanajaribu njia zingine. Kuna kupiga thoriamu kwa protoni zenye nguvu kubwa, inatoka nyingi ila inakuja na aktiniamu-227 ambayo nusu-maisha yake ni miaka karibu 22, na kwa kuwa zote ni aktiniamu hakuna kemia itakayozitenganisha. Kuna kupiga radiamu-226 kwenye saikilotroni, ile mashine ya kuzipa chembe mwendo kasi, hiyo inatoka safi zaidi lakini radiamu yenyewe inatoa gesi ya radoni muda wote, na nani anataka kufungua kitu hicho kizembe.

Kiasi chenyewe sasa. Megabekereli 10 (hicho ni kipimo cha mionzi) za aktiniamu-225, ambazo kwa majaribio ya maabara ni nyingi tu, zina uzito wa nanogramu 5 hivi. Jicho haliioni, mizani haiipimi. Unafanya kazi na kitu ambacho kipo kwa sababu ditekta inasema kipo. Na hapo ndo unaelewa kwanini kwenye meza ya Dokta hukuti kijiko cha chuma hata kimoja, vyote ni plastiki, na kila chupa mpya ya asidi au bafa anaipeleka kwanza kupimwa metali kwenye ICP-MS, mashine inayoona metali hata ikiwa kidogo mno, kabla haijaruhusiwa kukaa kwenye shelfu lake. Chuma kidogo tu kilichotoka kwenye kijiko, au kalsi, au zinki, kwa hesabu ya atomu ni kingi mara maelfu kuliko aktiniamu iliyopo, na hizo metali zinaenda kukaa kwenye nafasi ile ambayo ulitaka aktiniamu ikae. Wageni wakija wanadhani ni usafi wa kupitiliza. Mimi nilisimama pale siku moja nikamwangalia anavyofungua boksi la ncha za pipeti, anafungua upande mmoja tu, anachukua, anafunga, anaandika tarehe, na sikuona anafanya haraka hata pale ambapo kila mtu chumbani alikuwa na haraka.

Niliomba daftari lake la maabara. Akasita.

"Mwalimu, mle ndani hamjapangika, kuna vitu nimekata nimeandika upya."

Nikamwambia, "Ndo hilo ninalolitaka mwanangu, lililopangika nitalisoma kwenye majarida."

Basi nikalisoma, jioni baada ya kazi, na kuna kurasa moja nikaikuta ambayo kwa kweli ndo iliyoandika barua, mimi nilishika kalamu tu. Ili muielewe hiyo kurasa inabidi nieleze kidogo, mnivumilie.

Ukishaifunga aktiniamu kwenye dawa yako unatakiwa upime asilimia ngapi imeshikwa na ngapi iko huru. Unachukua ukanda mwembamba wa kromatografia, unaweka tone dogo chini, unasimamisha kwenye kimiminika, kile kinapanda. Kwa aina ya dawa aliyokuwa anaifanyia kazi, iliyoshikwa inabaki chini ilipowekwa na iliyo huru inapanda na kimiminika mpaka juu. Unakata ukanda vipande, unahesabu mionzi ya kila kipande. Rahisi. Ila aktiniamu-225 yenyewe gama yake ni hafifu, tunachokihesabu kiukweli ni gama za watoto wake, yaani atomu ambazo aktiniamu inageuka kuwa, fransiamu-221 yenye nusu-maisha ya dakika 4.8 na bismuthi-213 ya dakika 45.6. Na hao watoto hawakai na mzazi wao. Aktiniamu inapotoa alfa, kiini kinachobaki kinarudi nyuma kwa nguvu kama bunduki inavyomrudi mpigaji, nishati yake ni karibu elektrovolti laki moja wakati kifungo cha kikemia kinavunjika kwa elektrovolti chache tu, kwa hiyo mtoto anatoka kwenye dawa anazurura. Sasa bismuthi iliyokuwa inazurura kwenye chupa kabla hujaweka tone inaweza kushikwa na dawa iliyobaki wazi, ikabaki chini ya ukanda, na ukihesabu papo hapo unaona chini kuna mionzi mingi, juu kidogo sana, unashangilia dawa yangu imeshika vizuri. Kumbe unahesabu bismuthi. Aktiniamu iliyo huru kule juu bado haijazaa watoto wa kutosha wa kuonekana.

Tiba ya kosa hilo ni kusubiri. Bismuthi ile iliyopotea ikishapita nusu-maisha kama 10, ambayo ni masaa saba na nusu hivi, imebaki chini ya moja ya elfu, na mionzi unayoihesabu sasa inatoka kwa watoto waliozaliwa palepale aktiniamu ilipo. Ukiacha ukanda mpaka kesho unapata ukweli, na aktiniamu yenyewe kwa usiku mmoja inapungua asilimia 3 na kidogo tu.

Kwenye ile kurasa kulikuwa na jedwali la mkono. Safu ya kwanza namba za papo hapo, nzuri kweli, namba ambayo mtu yeyote angependa kuiweka kwenye slaidi. Safu ya pili baada ya nusu saa. Ya tatu jioni. Ya nne asubuhi yake, na ile ya asubuhi ilikuwa imeshuka, sio kidogo. Pembeni ya safu ya kwanza ameandika kwa kalamu nyekundu neno moja, "usitumie", akapiga mstari. Na tarehe yake nikaikumbuka, ilikuwa wiki ambayo kundi lao lilikuwa linatakiwa kupeleka ripoti kwa wafadhili, na chini ya ukurasa amebandika kipande cha ujumbe aliomwandikia msimamizi wake, sentensi mbili tu, kwamba namba ya jana sio namba, na kwamba anaomba siku tatu arudie kwa ligandi nyingine, yaani kishikio kingine cha kuifunga aktiniamu. Msimamizi wake alimkubalia, na hilo nalo niliandika kwenye barua kwa sababu sio kila mkubwa anakubali, tena wiki kama ile.

Hapo ndo nilipopata jibu la swali langu. Kijana wa kemia ya nyuklia tunamheshimu kwa namba alizozikataa. Hizo hazichapishwi popote. Kwenye jarida utakuta safu ya nne peke yake na maelezo mafupi kwamba kanda zilihesabiwa baada ya kufikia msawazo, yaani baada ya kule kusubiri, sentensi moja, na ndani ya ile sentensi kuna usiku mwingi wa mtu.

Nikaanza barua upya. Nikatupa sifa zote. Nikaweka kile kisa cha ukanda, nusu ukurasa mzima, kwa lugha ambayo mjumbe wa kamati asiye mkemia angeielewa, afu nikaenda kuongea na watu ambao kwa kawaida hakuna anayewauliza. Afisa usalama wa mionzi alinionyesha rekodi za dozi, ile ya kifuani na ile ya pete ya kidoleni, zikiwa chini mwaka mzima japo kazi yake ilikuwa nyingi. Akanieleza kwanini: Dokta alikuwa hafungui chupa ya mionzi mpaka ameifanya kazi yote kwanza bila mionzi, kwa kutumia lanthanamu, maana aktiniamu haina isotopu tulivu hata moja na lanthanamu ndo ndugu yake wa karibu. Anapitisha kwenye kolamu, kile kibomba chenye rezini ya kutenganisha, anabadilisha asidi, anajua mkono wa kulia uko wapi na kichupa kinachofuata kiko wapi, mpaka mwili umezoea. Siku ya aktiniamu yenyewe anamaliza kwa muda mfupi akiwa amesimama mbali inavyowezekana. Muda, umbali, kinga, kila mtu anayafundishwa hayo wiki ya kwanza, ila kuyaona kwenye rekodi ya pete ya mtu ni jambo lingine. Na mwenyewe alikuwa anajua lanthanamu inamdanganya sehemu fulani, ayoni yake ni ndogo kuliko ya aktiniamu kwa hiyo vishikio vingine vinaikumbatia vizuri afu aktiniamu vinaiachia, na amelieleza hilo kwenye daftari kabla hajaulizwa na mtu.

Fundi wa maabara naye akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Kwamba kwenye rasimu ya kwanza ya makala yao jina lake yeye fundi lilikuwa kwenye shukrani, na Dokta aliomba lihamie kwenye waandishi kwa sababu ndiye aliyegundua kwamba rezini ya kundi jipya ilikuwa inaachia aktiniamu mapema kuliko ya kundi la zamani. Akaniambia, "Mzee, mimi sikuwa nimeomba."

Hapo nikamkumbuka Marguerite Perey. Nimemtaja kwenye barua na mjumbe mmoja aliniambia baadae ndo mara yake ya kwanza kumsikia. Perey aliajiriwa mwaka 1929 kwenye Taasisi ya Radiamu ya Paris akiwa na miaka 19, fundi wa maabara, hana digrii, akiwa chini ya Marie Curie mwenyewe, na kazi aliyopewa ilikuwa kusafisha aktiniamu. Miaka inaenda, anasafisha aktiniamu. Mwanzoni mwa 1939, ana miaka 29, Marie Curie ameshafariki, anaisafisha aktiniamu-227 kwa ustadi kiasi kwamba anaweza kuipima papo hapo ikishatoka, kabla watoto wake hawajajaa, na anaona mionzi ya beta inapanda kwa namna ambayo haielezeki na kitu chochote kilichokuwa kinajulikana, nusu-maisha kama dakika 21 hivi. Ni elementi mpya, namba 87, ndo hiyo fransiamu ambayo leo tunaitumia kuhesabu kanda zetu. PhD yake aliipata 1946, baada ya ugunduzi. Mwaka 1962 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Na mionzi ile ilimla, aliugua kansa miaka mingi mpaka alipofariki 1975.

Nilipoweka hao wawili pamoja nikaona kitu. Perey aliupata ukweli kwa kupima haraka, Dokta aliupata kwa kusubiri, na wote wawili walikuwa wanafanya kazi moja, kujua ni saa ngapi kwenye maisha ya atomu unayoishika. Tucker na Greene na ule uchafu wao wa teluri ni palepale. Hii fani inaendeshwa na watu wa kuangalia kitu kidogo kisichokaa sawa na kukataa kukipita.

Kamati ilikaa. Mimi niliitwa kujibu maswali. Swali la kwanza nililitegemea, machapisho yake mbona machache ukilinganisha na mgombea wa kemia ya kompyuta. Nikawaeleza tu ukweli kwamba aktiniamu inakuja kwa zamu, ikifika una siku chache za kuitumia, ikichelewa uwanja wa ndege kazi ya mwezi imeyeyuka, na jaribio moja la seli linaweza kula sehemu yote uliyopewa. Ukihesabu makala peke yake unapima upatikanaji wa isotopu, humpimi mtu.

Swali la pili lilikuwa gumu na nashukuru liliulizwa. Mjumbe mmoja, mtu mzima, mpole, akauliza: kazi hii ni ya kwake au ni ya profesa wake? Ni swali la haki. Kwenye fani hii hakuna mtu anayefanya kazi peke yake, kuna wa saikilotroni, kuna wa usalama, kuna wa baiolojia, kuna aliyeandika ombi la fedha. Na historia ya tuzo ina madonda hapo. Mwaka 1903 Nobeli ya fizikia ilikuwa inaelekea kwa Becquerel na Pierre Curie peke yao, mpaka mwanahisabati Mittag-Leffler wa Sweden alipomwandikia Pierre na Pierre akajibu kwamba anataka afikiriwe pamoja na Marie. Barua zile ndo zilibadilisha. Lise Meitner, mwanafizikia aliyefanya kazi na Otto Hahn, alipendekezwa mara nyingi na hakupata, Nobeli ya kemia ya 1944 kwa mpasuko wa kiini ikaenda kwa Otto Hahn peke yake. Lakini kuna upande mwingine pia, Irène Joliot-Curie na mumewe Frédéric, walitengeneza fosforasi-30 kwa kupiga alumini na alfa mwanzoni mwa 1934, mionzi ya kwanza ya kutengenezwa na binadamu, mmoja ana miaka 36 mwingine 33, na mwaka uliofuata tu wakapewa Nobeli. Kwa hiyo inawezekana kumwona mtu akiwa bado kijana, ukiamua kuangalia.

Nilimjibu yule mjumbe kwa kumpa nakala ya ile kurasa yenye kalamu nyekundu. Nikamwambia wazo la mradi ni la profesa, na profesa mwenyewe ameandika hivyo, ila hili "usitumie" ni la huyu binti, na bila hili wazo la profesa lingekuwa limesimama juu ya bismuthi. Akaisoma muda mrefu kidogo. Hakuuliza tena.

Tuzo alipewa. Na hapa niwaambie wenzangu mnaokaa kwenye kamati hizi jambo ambalo nililipigania na nitaendelea nalo: cheti na ngao ni vizuri, wazazi wanafurahi, ila mkemia wa nyuklia aliye mwanzoni mwa kazi anachohitaji ni atomu na muda. Mpeni masaa ya saikilotroni yenye jina lake. Mlipieni shehena moja ya isotopu ambayo haitakiwi kuombewa ripoti ndani ya miezi mitatu. Mlipieni mafunzo kwenye maabara yenye kitu ambacho kwake hakipo. Kamati yetu ilikubali sehemu ya hela iende huko, na Dokta akachagua astatini-211, kitu kigumu kwelikweli, nusu-maisha masaa 7.2, unaitengeneza kwa kupiga bismuthi na chembe za alfa za nishati inayozunguka MeV 28, yaani elektrovolti milioni 28, ukizidisha sana unaanza kupata astatini-210 ambayo inageuka kuwa poloniamu-210, na hiyo hutaki iingie kwa mgonjwa hata chembe. Ina uzuri wake, alfa moja tu kwa kila atomu, kwa hiyo ule mlolongo wa watoto wanaozurura haupo. Ila inatakiwa itengenezwe, isafishwe, ifungwe na ipimwe ndani ya siku moja. Nilimuuliza na zile kanda zako za kusubiri mpaka asubuhi itakuwaje, akacheka, akasema, "Mwalimu, hapa inabidi nijifunze kuwa na haraka sasa."

Vijana wameniuliza mambo mawili matatu tangu hapo. Kuhusu daftari, ndio, liandikwe siku ileile na kilichokatwa kionekane kilichokuwa kimeandikwa, usifute. Kuhusu kumuomba mtu barua, mpeleke maabara kwako kabla hujamtumia CV, asimame pale saa nzima. Na ukiwa wewe ndo mwandikaji, waulize fundi na afisa usalama kabla hujamuuliza profesa, wanajua mengi na wanasema bila kupamba.

Yule fundi aliyeiona rezini, kuna tuzo ya wataalamu wa maabara dirisha lake linafunguliwa hivi karibuni. Dokta ameshaanza kumwandikia barua, rasimu alinitumia juzi nimpitie, na nimemrudishia na swali moja tu, ile siku ya rezini aliona nini kwanza kwenye ditekta, aandike hicho.